Matokeo Yadokeza

Saa sita usiku, Ibra. Kiyoyozi kinakoroma kama mgeni aliyeshiba.
Sentensi moja mbele yangu, ile ile ya tangu magharibi,
na wino mwekundu wa Dokta Ghaniya umeizunguka:
*Utafiti mmoja hauthibitishi, Rayya. Futa.*

Nikafuta. Nikaandika kwamba matokeo yanaonyesha.
Kayarudisha: yanaonyesha, au yalionyesha?
Chupa ulizipima Machi, basi weka wakati uliopita;
lakini ukweli, kama ni ukweli, hukaa katika uliopo.
Nikabaki kizingitini, mguu mmoja Machi, mmoja leo.

Halafu vile vijineno vyao vya kuungia!
Kiingereza kina mlango kwa kila kimoja, na bawabu wake:
huku hupita aliyegundua, huku kilikotoka, huku kinachohusika.
Sisi "ya" moja hutufanyia kazi zote,
kama kisu cha jikoni kwa mama,
kinamenya muhogo, kinafungua kopo, kinakaza skrubu ya sufuria.
Matokeo ya Rayya. Matokeo ya chupa. Matokeo ya chumvi.
Msikilizaji atajijua.

Chupa arobaini na mbili nilizijaza kwenye falaji,
toka kisima mama hadi shamba la mwisho.
Kadiri unavyoshuka, chumvi inapanda.
Mashine ilisema. Ulimi wangu pia ulisema,
nilionja, na hilo halimo kwenye ripoti.

Asubuhi simu. Bwana Humoud wa shamba la mwisho,
mzaliwa wa Wete, miaka hamsini hapa na bado anauliza Kipemba:
"Mitende n'ikate, n'siikate?"
Nikamsomea, nikitafsiri papo hapo:
*matokeo yaelekea kudokeza uwezekano wa ongezeko…*
Kimya. Kuku wake nikawasikia.
"Kwani huo utafiti wako umesema, au umenong'ona?"

Nikamwambia: chumvi ipo. Misimu miwili imepanda.
Wa tatu siujui. Usikate bado.
"Ehe. Sasa hayo si maneno?"

Nikarudi kwenye sentensi.
Nikachukua kitenzi chao kifupi, cha mtu aliyeinama akaokota kitu:
tulikuta chumvi. Misimu miwili. Mfereji mmoja.
Nikaituma kabla sijaipamba.

Adhuhuri imerudi na alama ya vema,
na pembeni, kwa wino ule ule:
*"Tulikuta"? Wewe na nani?*

Mimi na ulimi wangu, Dokta.
Hilo nimeliandika, nikalifuta.