Mraba wa Mita Kumi

Saa nne na nusu setilaiti imeshapita.
Haikubisha hodi. Imetupiga picha
kuanzia Chanika hadi Mpiji,
hata tuliokuwa hatujachana nywele.

Kazi yangu, ghorofa ya tano, Upanga,
ni kuzipa rangi majina:
huu mpunga, huu muhogo, hili bati.
Jani hai hurudisha mwanga usioonekana kwa macho,
nami naupapasa kama mkunga apapasavyo tumbo.
"Hekta, Tausi," asema Bwana Lyatuu.
"Wizara haili hadithi."

Nikaanza kuita mitaa kwa majina yake.
Mabibo: hakuna bibo hata la kunusa.
Mikocheni, mikoche sifuri.
Mchikichini wameota mitumba.
Bonde la Mpunga: bati, bati, bati,
bwawa la kuogelea,
bati.
Jiji limekula tunda, limebaki linafyonza kokwa.

Ila ukingoni mwa Msimbazi
mraba mmoja uligoma kuwa kijivu.
Kompyuta ikasema: nyasi,
uhakika asilimia sitini na moja.
Nikavaa mabuti, nikateremka.

Matuta kumi na saba nilihesabu mle:
mchicha, matembele, figili tuta moja,
mpapai wenye papai mbili zilizofungwa kwa rambo
dhidi ya popo na watoto wa shule.
Yote hayo kwenye nukta moja ya kioo changu,
na kioo kinataka jibu moja.

Pili Mwinyikondo akatua makopo yake ya maji,
akakitazama kipimo mkononi mwangu
kama mtu aonaye nyoka akiwa na mtoto mgongoni.
"Unapima nini?"
"Mboga tu, mama. Tunataka kujua zimelimwa kiasi gani."
"Mwaka ule nao walianza kwa kujua.
Wiki ya pili wakaja na rangi nyekundu,
wakachora X mpaka kwenye banda la bata."
Akang'oa mafungu mawili, akayafunga kwa ugwe wa mgomba.
"Kwani hiyo mashine yako inasemaje?"
"Inasema nyasi."
Akacheka, kwa mara ya kwanza.
"Basi ina adabu. Usiikosoe."

Ijumaa ripoti ilikwenda Dodoma.
Usahihi: themanini na nane kwa mia.
Makosa kumi na mawili yaliyobaki
sikuyaeleza; moja nalijua kwa jina,
na najua bata wake ni wangapi.

Jioni ile niliziunga nyasi kwa nazi.
Chumvi ilizidi kidogo.