Saa Ishirini na Nne

Dada wa utafiti anasema tuanze jana alfajiri,
tushuke polepole mpaka leo alfajiri,
nisiruke kitu, hata kiwe kidogo vipi.
Jina, Sechelela. Miaka, kumi na mitano.
Kidato cha pili. Hombolo. Mwezi wa pili,
mtama shambani umefika magotini
na kihenge nyumbani kinaitikia ukikigonga.

Asubuhi?
Chai ya rangi, sukari kwa mbali.

Mchana?
Shuleni kulikuwa na makande.
Nimesema kulikuwa. Hakuuliza kwa nani.
Debe letu la kuchangia bado,
kwa hiyo kengele ikilia nakwenda bombani
halafu narudi darasani, wa kwanza kabisa.
Mwalimu Chibago anasema nina bidii.

Usiku?
Ugali wa uwele, mlenda.
Na juzi?
Mlenda, ugali wa uwele.
Akatabasamu, akaweka alama mbili za vema.
Mlenda ameuandika "mboga za majani".
Bibi angenuna: mlenda ni mlenda.

Kisha akafungua picha, mojamoja.

Matunda.
Hapo nilinyamaza,
maana jana nilikuwa shamba la zabibu
toka saa tisa mpaka jua linazama,
nakata vichala, napanga kwenye kreti,
na tukitoka getini msimamizi anatukagua ndimi.
Andika hapana.

Maziwa.
Nilimshikia Mzee Malogo ndama wakati anakamua.
Hapana.

Samaki.
Bwawa lile pale, tunaliona wote wawili dirishani.
Hapana.

Nyama.
Akanitazama usoni, akaruka mwenyewe,
yeye aliyenikataza kuruka.

Mayai.
Mtetea wetu anataga, ndiyo, siku ya nne mfululizo.
Mama anayafukia kwenye kibuyu cha pumba
mpaka Ndahani apite na pikipiki na trei zake.
La jana limekuwa kalamu.
La juzi na la kabla yake yamekuwa daftari la hesabu.
Sikuyala, nikasema, ila nimeyaandikia.

Fomu inauliza mdomo tu.
Ingeuliza mikono,
vidole hivi vingejaza kurasa zote
na kuomba karatasi nyingine.

Ameuliza pia kama mwezi huu niliwahi kulala bila kula.
Nikamwambia kulala ni kulala,
usingizi haupikwi.
Akaandika kitu kirefu kuliko nilichosema.

Mwisho akafunika kalamu. Una swali?
Ninalo. Na wewe, dada, jana?
Akacheka. Akahesabu kwa vidole:
chai, andazi, soda,
halafu usiku, mjini, chipsi mayai.
Akabaki na vidole vinne hewani,
anavitazama kama si vyake.

Hayo mayai ya mjini, nikamuuliza, yanatoka wapi?
Hajui.
Mimi naijua njia ya pikipiki ya Ndahani,
mashimo yake yote, hadi lami.

Basi hilo yai, dada,
kama bado kuna nafasi hapo chini,
liandike kwangu,
hata kwa penseli.