Pasha Mafuta, Yasichemke

Pasha mafuta, Siwema, yasichemke.
Yale ya ufuta, chupa yenye kizibo cha gunzi.
Jidondoshee kiwikoni kwanza:
ngozi ya mtu si sufuria.

Anaingia Chinguile, mpakiaji wa ghala la chama.
Msimu wa korosho umemkaa shingoni,
gunia juu ya gunia tangu mnada wa kwanza.
Usimrukie. Weka kiganja, nyamaza,
bega lenyewe litakwambia limeanzia wapi.
Hapo. Fundo kama punje ya mbaazi chini ya kitenge.
Libonyeze akitoa pumzi, liachie akivuta.
Ataita mama yake, atacheka, atakoroma.
Hapa Newala ni wangapi wanaosinzia mchana
bila kuota deni la salfa?
Akiamka atageuza shingo kushoto, kulia,
kama aliyekabidhiwa mpya dukani.

Mtoto wa Sikujua ana wiki sita.
Kwake vidole viwili, uzito wa kope.
Zunguka kitovu kwa upande saa inakoendea,
kunja miguu, kunjua, kama apandaye baiskeli.
Tumbo la upepo litajisemea lenyewe.
Ukisikia, shukuru, wala usicheke:
mama yake hajalala siku nne.
Kisha mwambie mama naye alale kwa ubavu.
Kiuno kile kimebeba, kimezaa, kimerudi kisimani.
Kila ajaye humpakata mtoto.
Mzazi, nani amshike?

Mzee Nandonde alikuwa akichonga.
Kiharusi kimeupa mkono wa kulia likizo isiyo na tarehe.
Hospitali wamempa mazoezi, na ayafanye, usimwachie;
sisi tunaupasha tu, usisahau njia.
Sikumwahidi kitu.
Juzi kidole cha shahada kilijongea.
Akakitazama kama mgeni aliyebisha hodi usiku.
Hakikujongea tena.
Tunaendelea.

Bi Esha Mtopwa haumwi popote.
Huja Alhamisi na kibaba cha mbaazi, hukaa, huvua ushungi.
Mwaka jana nilimuuliza, wapi panauma?
Akasema, we kanda tu.
Tangu wamzike mumewe
hakuna aliyemgusa ila kwa kumpa mkono wa pole.
Huyo, Siwema, mkande taratibu kuliko wote,
na akilia, usimuulize.

Sasa yule wa jana, konda wa basi la Dar.
Uliniona nikiuondoa mkono wako, ukanuna.
Mguu mmoja tu ndio umevimba,
shavu lake limevutika, linang'aa, lina moto,
naye ametoka kukaa kitini kutwa nzima.
Huyo si wetu.
Damu ikiganda ndani ya mshipa
kidole chako chaweza kuing'oa ilipo,
ikasafiri mpaka pafuni, na wewe bado wapaka mafuta.
Alifoka. Akaweka elfu kumi juu ya mkeka.
Nikamrudishia, nikamwita kijana wa bodaboda:
hospitali, mwanangu, na usipite kwenye mashimo.

Bibi yangu alinifundisha kukanda kwa miaka tisa.
Kuondoa mkono alinifundisha siku moja tu,
tumetoka msibani, tuko njiani,
kwa habari ya mtu ambaye jina lake hakulitaja
mpaka naye anakufa.

Haya, mafuta yamepoa. Rudisha gunzi.
Wakikuuliza kule shuleni tunatibu nini,
usiseme tunatibu kila kitu, wako wasemao hivyo,
wana mabango.
Sema watu hulala. Sema shingo hugeuka.
Sema wengine tunawapeleka kwa daktari.

Hebu lete kidole gumba.
Kinauma?
Kitauma mwaka mzima,
halafu kitaanza kusikia.
Na hizo kucha, kesho uje umezikata.