Msumari

Pipi huanzia kwenye pipa.
Dukani kwa Gaudet, huku Memramcook, molasi inashuka
polepole, kama mtu asiyetaka kuaga,
na Exelda ameushika mtungi kwa mikono miwili, theluji viatuni.

Kesho ni Mtakatifu Katarina.
Vikombe viwili vya molasi, kimoja cha sukari,
siagi kiasi cha yai, siki kijiko:
vipimo vya mama, ambaye hakuwahi kupima.
Sufuria inaguna. Povu linapanda,
linashuka akilikemea kwa mwiko.
Anadondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi.
Likitepeta, bado.
Likilia ta! ukingoni, tayari.
Magadi kidogo, na shira inafura kama aliyetukanwa.

Anaimwaga kwenye sinia lililopakwa siagi,
anakunja kingo ndani, ndani,
mpaka moto wake uvumilike viganjani.
Hapo ndipo Zelika angesimama mbele yake,
miguu ameitanua, kicheko tayari:
vuta, kunja, rudisha; vuta, kunja, rudisha,
kamba nyeusi ikipauka mikononi mwao
hadi rangi ya mabua ya ngano,
na aliyeachia kwanza ndiye aliyeosha vyombo.

Zelika yuko Lowell sasa, kiwandani, anavuta nyuzi za watu.
Barua mbili kwa mwaka.
Ya pili ilikuwa na pesa, haikuwa na habari.

Kwa hiyo msumari.
Wa inchi sita, kwenye mwimo wa mlango.
Exelda anatundika, anavuta, anatundika.
Inang'aa, ndiyo. Inapauka, ndiyo.
Lakini msumari hauvuti.

Mlango unasukumwa bila hodi.
Ni Edé, mtoto wa jirani, katumwa kuazima beleshi.
"Nawa."
"Kwa nini?"
"Nawa mpaka viwiko. Kisha siagi."
Ana miaka saba, anavuta vibaya,
kamba inalegea, inagusa sakafu,
inaokota unyoya wa yule paka mzee wa Zelika.
Anaiachia mara tatu.
Kwa sheria ya zamani angeosha vyombo hadi Pasaka.

Wanakata kwa mkasi, vipande vya kidole gumba,
wanafunga karatasi, ncha wanazisokota.
Beleshi limesahaulika. Nje njia inazidi kufukiwa.

Kimoja, kile chenye unyoya,
Exelda anakifunga mara mbili,
analamba penseli,
anaandika: Lowell.