Kigingi cha Chuma

Baridi ya nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri
haibishi hodi.
Imeshaingia kwenye betri, kwenye masharubu ya Tolegen,
kwenye bawaba za gereji
ambamo kila Ijumaa isiyo na mawingu
tunaitoa darubini yetu, watu watano,
kama wabeba jeneza wenye furaha.

Nje ya Jezkazgan nyika haina mwisho wala adabu:
inaanzia kidoleni pa mguu wako, inaishia nyotani.
Mimi ni mtunza chupa ya chai.
Kazi yangu kusikiliza, kumimina,
na kusema "geuzeni nyuso" pumzi zikianza kuganda kwenye lenzi.

Aliyeanza ni Sanzhar,
miaka kumi na tisa, soksi jozi tatu.
"Mimi nitafia Mirihi,"
akasema, vile mwingine asemavyo
nitashukia kituo kijacho.
Tolegen, miaka thelathini dereva wa treni za shaba,
akacheka hadi akakohoa.
"Mwanangu, huko hata wa kukuzika hakuna.
Utalia njaa, na kilio chako
kitachukua dakika ishirini kufika,
kitukute tumelala."

Lidia Vogel hakuinua uso.
Kioo hiki alikisugua yeye, kwa mkono,
majira mawili ya baridi,
akilizunguka pipa hatua kwa hatua jikoni kwake
hadi mumewe akazoea kulia chakula kibarazani.
"Nuru hii ya Andromeda," akasema,
"iliondoka kwao kabla sisi hatujawa watu.
Mnagombania kizingiti,
na nyumba hatujui ina vyumba vingapi."
"Ndiyo maana twende!"
"Ndiyo maana tutulie!"
wakadakia pamoja, kijana na mzee,
nami nikamwaga chai kwa kicheko.

Dametken alikuwa bado.
Mwalimu wa kemia hupima kwanza.
Akanyosha kidole kaskazini, kwenye nyota isiyohama.
"Kwetu ile ni Kigingi cha Chuma.
Farasi wawili wamefungwa pale, mweupe na wa kijivu,
na mbwamwitu saba wanawazunguka hadi kuche.
Sanzhar, wewe unataka kukata kamba
ili uone farasi atakwenda wapi."

Halafu, bila kubadili sauti:
"Nilikuwa darasa la nne. Kipande cha roketi
kiliangukia malisho yetu.
Kondoo kumi na mmoja.
Wakaja watu wa barakoa, wakapima, wakaandika.
Walichoandika sisi hatukukisoma.
Mama aliendelea kuchota kisima kilekile,
maana kingine kilikuwa wapi?"

Hakuna aliyeomba chai.

Na hapo, kusini-magharibi, pasipo mlio,
upeo wa macho ukawasha kiberiti.
Ikapanda. Rangi ya chungwa, kisha nyeupe,
mkia wake ukifunguka kama shuka inayokung'utwa.
Sanzhar akaanza kupiga kelele, akasahau kumalizia.
Dametken alikuwa anahesabu, midomo tu,
na alipofika mia na kumi na nane
cheche nne zikajitenga, zikaanza kurudi
upande wetu.
"Hizo," akasema. "Hizo ndizo."

Sijasema bado bomba la darubini yetu limetoka wapi.
Ni alumini, nyepesi, ina namba iliyokwanguka nusu.
Alilileta yeye, kwa tela, mwaka tulipokosa pesa ya bomba.
Akaiuliza tu Lidia kipenyo, akalikata mwenyewe.

Akavua glavu, akaliwekea kiganja
kama mtu anayemtuliza farasi.
Chuma cha usiku ule kikamshika ngozi.
"Nimenasa," akasema, karibu na kucheka,
na Sanzhar akawa wa kwanza kuniita,
"Chai! Leta chai!"
nikamimina iliyobaki, vuguvugu, polepole,
juu ya vidole vyake,
huku Tolegen akiuliza, macho bado juu,
je, ndani ya ile wamo watu?