Saa Mbili ya Nani

Nyumba yetu, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
ina antena moja, kadi mbili za kunasia tivii
na watu wanne wenye macho.
Kadi zimo kwenye kompyuta kuukuu uvunguni mwa kitanda changu,
inakoroma kama paka aliyeshiba dagaa.
Waya wa buluu nimeupitisha juu ya boriti,
ukaingia tundu la panya, kwa hisani yake,
hadi kwa Shangazi Mwanjaa,
hadi kwa mpangaji wetu Sekiondo wa kiwanda cha saruji,
hadi kwa Mwanakombo anayesomea uuguzi.

Kadi mbili, chaneli mbili kwa mpigo.
Wa tatu akitaka ya tatu, ugomvi.
Nikawaambia: asiyeona leo atarekodiwa,
diski ni ghala, halali mtu njaa.

"Mimi nirekodie saa mbili," akasema Shangazi,
"taarifa ya habari. Mbaruku wa Somoe anakata utepe wa kisima."
Nilikuwa na haraka. Nikaandika 2:00.
Mashine haibishani na mtu.

Jua likazama, moja ikaja,
mbili ikaja ikapita, habari zikasomwa,
Mbaruku akakata utepe wake
mashine imelala fofofo.
Ikaamka saa nane za usiku,
mbwa wa Makorora peke yao wakizungumza,
ikanasa, kwa uaminifu, saa nzima
ya mtu mwenye kofia ya ukili
akibebesha mchungwa kwenye shina la mlimau.

"Huyu ndiye Mbaruku?"
Nikajitetea: mashine inafuata saa ya Kizungu,
siku yake inaanza usiku wa manane.
"Manane ndipo kunapokucha kwao?"
Akanitazama. "Imekuja Tanga. Ifundishe kuhesabu kama watu."

Lakini hakuzima.
Akavuta kigoda.
Kisu kidogo, ganda likachanwa,
jicho likapachikwa, likafungwa nailoni.
Akarudisha nyuma. Akarudisha tena,
vidole vyake hewani vikifunga kisichokuwepo.

Wiki ya tatu diski ikajaa: futeni kitu.
Sekiondo akatoa fainali mbili, shingo upande.
Mwanakombo akawaacha Waturuki wake waende na machozi yao.
Mchungwa hakuna aliyeugusa.
Usiku, nikienda msalani,
nikaona mwanga chini ya mlango wa Sekiondo,
sauti ameipunguza hadi mnong'ono: kisu, ganda, jicho.
Chini ya mlango wa Mwanakombo, kisu hichohicho,
dakika kumi nyuma.

Uani, ndani ya mdebe wa rangi,
mlimau wa Shangazi umefungwa bandeji ya nailoni.
Siku ya kumi na nne leo. Jicho bado bichi.
Mwanakombo ndiye aliyelifunga, kwa fundo la hospitali,
Sekiondo akishika tochi.

Juu ya mashine nimebandika karatasi:
*Saa ya Shangazi, usiku: jumlisha kumi na nane.*

Mbaruku hatujamwona mpaka leo.