Koti la Don Heliodoro

Kila Juni huja na koti kwapani,
limefungwa kwa gazeti la jana,
hugonga mlango mara mbili tu
kama anayechelea kuamsha mtoto mchanga.
"Ofelia, limekuwa kubwa tena."

Koti halikui, Don Heliodoro.
Mimi najua, wewe wajua, cherehani yajua.
Marehemu baba alilipanua mara tatu
miaka ile ulipokula ukashiba, ukaoa, ukanenepa;
mimi nimerithi mkasi na kazi ya kupunguza:
inchi mabegani, inchi kiunoni,
mwaka juzi inchi mbili nzima,
mwaka uliomzika mkeo.

Sogamoso ina baridi, lakini wewe huicheka.
"Hii si baridi, Ofelia, huu ni utani."
Kisha husimulia. Si vita, vita huvisimulii,
bali mkate uliogonga meno kama jiwe,
soksi zilizokaushwa tumboni, chini ya shati,
na bahari, ambayo wewe mlima viazi wa miaka ishirini
uliiona mara ya kwanza siku ile ile uliyopakiwa melini
kwenda Korea, nchi ambayo padri wenu
aliitafuta kwenye ramani, na miwani yake, akaikosa.

Na kilima.
Hakikuwa na jina. Kilikuwa na namba, kama mfungwa.
Hapo hunyamaza, huomba maji.

Ndani ya koti, ubavu wa kushoto, chini ya bitana,
upo mshono mbaya kuliko yote niliyowahi kuona:
uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijani,
hatua ndefu, hatua fupi, kama nyayo za mlevi.
Mara ya kwanza nilishika wembe niufumue.
Ukaukamata mkono wangu. "Huo acha.
Huo ni wa Abelardo. Alishona usiku, gizani,
vidole vimekufa ganzi, akinitukana
kwa kuirarua nguo ya serikali."
Abelardo Tibaduiza, wa Paipa.
Kilima chenye namba kilibaki naye.

Tangu hapo nimeuzunguka mshono huo
kama mkulima anavyolima akizunguka kaburi.

Mji huu ulikupa shukrani ya punda miaka mingi.
Sasa kuna bendera za plastiki, soda ya uvuguvugu,
na meya anayelisoma jina lako vibaya.
Sibezi. Wewe husimama wima mpaka mwisho.
Lakini shukrani niliyoiona kwa macho yangu ni moja:
mhandisi wa kiwanda cha saruji, kijana wa Busan,
alikukuta sokoni, akaiona nishani,
akaweka chini mfuko wake wa nyanya, akainama
mpaka tai ikagusa lami.
Nawe ukadhani kaangusha kitu,
ukainama pia, ukamsaidia kutafuta.

Mimi sijui kuinama vile.
Sijui hata nikushukuru kwa lipi:
vita sikuviona, watu wale siwajui,
na wewe mwenyewe, nilipokuuliza kama ilifaa,
ulijibu kwamba viazi vya mwaka ule
vilioza ardhini, hapakuwa na wa kuvichimba.

Ila jana nilipima, nikapima tena.
Nikipunguza hata nusu inchi
mkasi utapita juu ya uzi wa Abelardo.
Nikazima taa.
Nikaiwasha.

Basi mwaka huu sikukata kitu.
Nimetia sufu ya kondoo nyuma ya bitana,
tabaka juu ya tabaka, mabegani, mgongoni,
kila mahali mwili ulipohama bila kuaga.
Haya, vaa. Inua mikono. Geuka.
Unaona? Koti ni lile lile.
Wewe ndiye nimekuongeza.

Hapana, rudisha pesa zako mfukoni.
Viazi nitapokea.